Nauli Niliyoiandika Kuwa Malipo

Asubuhi niliyoanza kazi ya kukusanya madeni, Meneja wa tawi la Kajiado alinipa kalamu mbili, kitabu cha risiti na kiti ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya. Ofisi ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipanda ngazi pamoja na kila aliyekuja. Kabla ya hapo nilikuwa karani kwenye machimbo ya mawe Kitengela, nikiandika malori yanayotoka na mawe yaliyobebwa. Machimbo yalipofungwa, nilikuwa na watoto wawili sekondari na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyekiulizia tena. Meneja yule tulikuwa tukisali naye kanisa moja. Aliniambia kazi ni ya kutembea na kuongea na watu kwa heshima, nikaona yote mawili nayaweza.

Vijana huniuliza ilikuwa kazi gani hasa, kwa hiyo nieleze kwanza. Mtu akikopa asilipe, mkopeshaji hujaribu mwenyewe. Akichoka, huwapa watu kama sisi orodha tuwafuatilie wadaiwa, na tukipata kitu tunakatiwa kamisheni. Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo iliyoleta faida, ilikuwa ya madeni makuukuu. Mwenye duka anafunga biashara, na ana vitabu vya watu waliokopa mabati au pampu miaka mingi iliyopita. Anaviuza vyote kwa bei ya chini sana, na kuanzia siku hiyo mdai ni kampuni iliyovinunua. Tuliyaita mafaili ya chini, kwa sababu yalikaa kwenye rafu ya mwisho karibu na sakafu, na ili kuyasoma ilibidi upige magoti.

Meneja alinieleza sheria siku hiyo hiyo, akiwa amesimama dirishani na kikombe cha uji.

"Bwana Mutisya, mdai ana miaka sita ya kwenda kortini. Inahesabiwa tangu siku mtu aliposhindwa kulipa. Ikipita, mlango umefungwa na sisi hatuwezi kuufungua. Lakini mwenye nyumba anaweza kuufungua kutoka ndani."

Nilimuuliza anaufungua vipi.

"Akitia sahihi kwamba anakubali deni. Au akilipa kitu, hata mia mbili. Hapo miaka sita inaanza upya."

"Na kama hajui hivyo?"

"Kufundisha sheria kuna watu wake. Sisi kazi yetu ni kubisha hodi."

Ningependa kusema kwamba sikuelewa, au kwamba nilidanganywa. Nilielewa vizuri sana. Nilienda nyumbani nikamweleza mke wangu kwa furaha jinsi sheria ilivyo na tundu, na jinsi mtu mwenye maneno matamu anavyoweza kupita humo.

Vifaa vya kazi vilikuwa vitatu. Kulikuwa na barua ya madai, yenye wino mwekundu juu, ambayo kazi yake ilikuwa kumtia mtu hofu. Kulikuwa na hati ya kukiri deni, ukurasa mmoja, ambayo mdaiwa akitia sahihi basi deni lililokufa limefufuka. Na kulikuwa na kitabu cha risiti. Lakini ujuzi wenyewe haukuwa katika karatasi, ulikuwa katika kumtafuta mtu. Nilijifunza kutomuulizia mtu kwa jina la deni. Unafika dukani, unanunua soda, unasema una barua ya fulani. Watu wetu ni wema. Watakutolea mtoto akuonyeshe njia mpaka langoni, hawajui wanampeleka nani kwa jirani yao.

Baada ya mwaka mmoja nilipelekwa Illasit, karibu na Loitokitok, kwa wakulima wa vitunguu na nyanya waliokuwa wamekopa pampu za maji. Huko ndiko mdaiwa mmoja alikonifundisha adabu. Alikuwa mzee mwenye upara, amestaafu ukarani wa korti, jambo ambalo faili langu halikusema. Alinikaribisha, akasoma hati yangu ya kukiri deni mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kijana, tarehe iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akahesabu kwa vidole.

"Mwaka wa sita ulipita nikiwa bado na nywele," akasema. "Peleka hii karatasi yako kwa mkubwa wako, mwambie nimeisoma na imeandikwa vizuri."

Alinipa kilo mbili za vitunguu nikaondoka. Nilipomsimulia Meneja kwa simu, alicheka akasema huyo mwache, twende kwa asiyehesabu. Neno hilo lilinichoma kidogo, lakini vitunguu nilivila.

Kituo changu cha tatu na cha mwisho kilikuwa Kitengela. Hapo mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Madeni, mwanamke niliyemzidi miaka ishirini, mwepesi wa maneno, mwenye simu tatu mezani zote zikilia. Hakuwa mtu mbaya. Mke wangu alipolazwa, yeye ndiye aliyepitisha mchango ofisini. Lakini alikuwa na macho ya biashara. Wakati huo ardhi ya kutoka Kitengela kwenda Isinya ilikuwa inakatwakatwa kuwa ploti, na mtu aliyekuwa maskini mwenye eka tano za vumbi aliamka tajiri bila kujua. Ghafla mafaili ya chini yalipandishwa rafu ya katikati.

"Mzee, usiangalie deni," alinifundisha. "Angalia mtu amekalia nini."

Siku moja akanirushia faili moja mezani. "Hii iko na nyama," akasema.

Lilikuwa la mama mmoja wa Kimasai, anakaa ndani kidogo kutoka Isinya. Nitamwita alivyoitwa na majirani, Ng'oto Lemayian, yaani mama yake Lemayian. Alikuwa mjane. Miaka kumi na moja nyuma alikuwa amechukua tangi kubwa la maji na pampu kwa mkopo kutoka duka moja la vifaa Kajiado, akalipa vizuri mpaka ukame ukamaliza ng'ombe wake. Deni lililobaki lilikuwa kama elfu thelathini na nane. Kisha mwenye duka akafunga biashara, vitabu vikaja kwetu. Kwa hesabu ya kampuni, pamoja na riba na gharama, lilikuwa limefika laki tatu na zaidi. Kisheria deni lilikuwa limefungiwa mlango kama miaka minne nyuma. Ila mama alikuwa na eka mbili zenye hati kwa jina lake. Ndizo alizoachiwa na mumewe, na ndizo alizokaa juu yake. Deni likifufuka, korti ikatoa hukumu, eka hizo zingepigwa mnada.

Nilienda siku ya Jumanne. Nilishuka garini kwenye barabara ya lami nikatembea saa nzima juani. Nilimkuta akishona shanga nje ya nyumba, mbuzi wamelala kivulini mwa lile tangi.

"Takwenya, yeyo," nikamwamkia kama mama yangu.

"Iko," akaitikia.

Hakuniuliza nimeleta nini. Aliuliza kwetu ni wapi, kama mvua imenyesha Machakos, kama mama yangu yuko hai. Akanipa chai iliyokuwa maziwa zaidi ya maji. Ndipo nikasema habari ya tangi.

"Si hiyo hapo?" akalinyooshea kidole. "Nilidhani mlisahau."

Lazima nieleze hapa jambo ambalo mtu wa mjini huenda asilijue. Kitengela, mtu ukimtajia deni la zamani, kitu cha kwanza atakuuliza ni risiti iko wapi. Kwa wazee wa Kimasai haiwi hivyo. Wana neno lao, esile, deni, na deni hilo halifi kwa kuwa miaka imepita. Ng'ombe aliyekopwa na babu atalipwa na mjukuu, na hakuna anayesimama mbele za watu kusema amesahau. Sisi wakusanyaji tulilijua hilo kuliko tulivyoijua sheria. Ofisini tulisema mafaili ya huko ni rahisi. Tulichukua uaminifu wa watu tukaufanya uwe udhaifu wao.

"Deni haiozi," akaniambia. "Lakini sasa niko na mbuzi tu. Ngoja Lemayian atoke Namanga, yeye ndiye anasoma karatasi."

Nikatoa hati ya kukiri deni. Nikamwambia ni kitu kidogo tu, cha kuonyesha nimefika. Akairudisha kwangu kwa vidole viwili.

"Kidole yangu haiendi mahali macho haijafika."

Nilijua nimeshindwa, nikasimama niage. Naye akasimama. Akafungua fundo la leso kiunoni, akatoa noti ya mia tano iliyokunjwa mara nne.

"Shika hii ya gari. Usitembee kwa jua kama mtu hana watu."

Mgeni aliyetoka mbali hatoki mikono mitupu katika boma lile. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao, wala haikuwa na uhusiano wowote na tangi. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nilishika ile noti, nikatoa kitabu cha risiti. Nikamwambia ofisi hutaka kujua pesa ya nauli nimetoa wapi, nisije nikaonekana nimeiba. Akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Hata chai mtaandika?"

Akaweka dole gumba kwenye wino, akaliweka pale nilipomwonyesha. Mkono wangu ulikuwa umeandika kwamba zimepokelewa shilingi mia tano, sehemu ya malipo ya deni la tangi.

Pesa yenyewe niliitumia kwa gari, kama alivyonitakia. Jioni hiyo ofisini nilitoa mia tano nyingine mfukoni mwangu nikaiweka kwa mhasibu, ili hesabu ikubaliane na risiti. Nataja hilo ili msomaji asije akadhani ulikuwa mkanganyiko. Mtu aliyekosea kwa bahati mbaya halipi pesa zake kulikamilisha kosa.

Msimamizi alisoma risiti akapiga meza kwa kiganja. "Mzee wewe ni fundi," akasema. Kamisheni iliyofuata, pamoja na ya mafaili mengine, ililipa karo ya muhula mmoja.

Kesi ilifunguliwa Kajiado. Wiki chache baadaye, nikiwa mezani pangu, niliona Ng'oto Lemayian akiingia ofisi ya Kitengela. Kijana wa mapokezi alimuuliza anamtaka nani. Akanionyesha mimi, akasema, "Huyo ni mgeni wangu." Akapita meza zote akaja kuketi mbele yangu. Alitoa samansi ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nisomee. Lemayian amesoma lakini alikuwa na hasira, alisoma haraka."

Hakuwa amekuja kugombana. Mimi ndiye mtu pekee aliyemjua anayekaa kwenye ofisi. Nilimsomea polepole, mstari kwa mstari. Nilipofika kwa jina la mdai, akanizuia.

"Hiyo kampuni ni ya nani?"

"Ni hapa, yeyo."

"Hapa kwako?"

"Ndiyo."

Akatazama kuta, kalenda, kabati. Nikaendelea kusoma mpaka pale ilipoandikwa kwamba mdaiwa alilipa sehemu ya deni na kwa hiyo alilikubali.

"Hiyo mia tano," akauliza, "ni ile ya gari?"

Msimamizi alikuwa nyuma ya kioo, anaongea na simu, macho kwetu. Nilisema wakili ndiye atakayemweleza vizuri. Ng'oto Lemayian akakunja karatasi yake, akairudisha kwenye mfuko, akaufunga fundo.

"Siku ile ulifika mapema? Jua ilikuwa kali."

"Nilifika, yeyo."

"Basi sawa," akasema, akaondoka.

Katika kazi yangu yote, kosa kubwa kuliko ile risiti ni dakika zile tano. Ningeweza kumwambia maneno manne tu, kwamba deni hili lilikuwa limeshakufa. Ningeweza kumwambia asiuze chochote, aende kortini na aseme ilivyokuwa. Sikusema. Nilikuwa nahesabu miezi iliyobaki nistaafu.

Lemayian na ndugu zake waliogopa ile laki tatu. Kulikuwa na dalali wa ploti aliyekuwa akizungukazunguka huko kama kunguru wa machinjioni, akawaambia korti ikishashika ardhi huchukua yote. Wakaona afadhali wauze eka moja wenyewe, wawe na pesa mkononi, kuliko zote mbili zipigwe mnada. Waliuza kwa nusu ya bei, kwa sababu mwenye hofu habishanii bei. Ndipo wakaweka wakili.

Nilihudhuria kortini kama shahidi wa kampuni. Taarifa yangu ilikuwa imeandikwa na wakili wetu na nilikuwa nimetia sahihi, kwamba mama alilipa kwa hiari yake sehemu ya deni. Hakimu alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alisoma risiti, akaigeuza, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amenitayarishia.

"Mzee, mama alipokupa hizi pesa, alisema ni za nini? Maneno yake mwenyewe."

Ningefurahi kuwaambia kwamba niliingia humo nikiwa nimeamua. Sikuwa nimeamua lolote. Ng'oto Lemayian alikuwa ameketi benchi la mbele, mikono mapajani, ananitazama bila uchungu, kama mwenyeji anayengoja mgeni amalize kunywa.

"Alisema ni za gari, Mheshimiwa."

Nikaulizwa tena, nikasema tena. Nikaeleza habari ya nauli na wino na ile mia tano ya mfukoni mwangu. Wakili wetu alitaka nitangazwe kuwa shahidi aliyegeuka. Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Hukumu ilipokuja, ilisema zawadi ya mwenyeji kwa mgeni si malipo ya deni, kwamba miaka ya kudai ilikuwa imepita, na kesi ikafutwa.

Msimamizi alinikuta nje kwenye ngazi. Hakupaza sauti.

"Mzee, umekula na sisi miaka yote hii. Leo ndio umeona sahani ni chafu?"

Alisema kweli. Niliacha kazi wiki hiyo, nikiwa nimebakiza miezi saba. Hapakuwa na chai ya kuniaga wala saa ya ukutani.

Sasa mimi ni mzee wa kukaa. Jumamosi baada ya mkutano wa wanaume kanisani, watu huniletea simu zao niwasomee ujumbe. Kuna deni la duka lililofungwa zamani, kuna mkopo wa kikundi kilichovunjika, kuna sauti ya kijana anayesema polisi wako njiani. Nawaambia niliyoyajua nikiwa upande wa pili. Uliza deni ni la nani, na huyo anayepiga amelipataje. Uliza mara ya mwisho ulilipa lini, na umwambie akuandikie. Usitume hata hamsini ya kuonyesha nia njema, na usitie sahihi mahali usipopaelewa. Kama korti ilishatoa hukumu huko nyuma, hesabu ni nyingine na ni ndefu zaidi, hapo tafuta wakili, si mimi. Wengine huniuliza kama ninawafundisha kudhulumu. Hapana. Anayekudai kwa haki ndani ya muda wake, mlipe, na umshukuru alikungoja. Ninachokataa ni mtu kulaghaiwa afungue mlango ambao sheria imeshaufunga.

Kulikuwa na mafaili mengine niliyoyafufua kwa mkono wangu. Huko hakuna hakimu aliyeniuliza swali. Baadhi ya majina nayakumbuka, na wawili nimewaendea kuwaomba radhi. Mmoja alinisikiliza. Wa pili alifungua lango kidogo, akaniuliza safari hii nimekuja kuchukua nini, akafunga.

Miezi miwili baada ya hukumu, Ng'oto Lemayian alinitumia neno kwamba ananitaka. Nilienda nikitarajia kulaumiwa, na nilistahili. Alikuwa na neno moja tu lililokuwa likimsumbua.

"Korti imesema hao wako hawanidai. Nimesikia. Lakini tangi nilichukua, na maji nimekunywa. Nimlipe nani?"

Nikamwambia kisheria hakuna. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa habari za hali ya hewa.

"Sikuuliza korti. Nimeuliza yule mtu alinipa."

Basi nikafanya kazi yangu kwa mara ya mwisho, ile ya kumtafuta mtu, ila safari hii nilisema ukweli kila dukani nilipouliza. Mwenye lile duka la vifaa alikuwa Msomali, mzee kuliko mimi, anakaa kwa binti yake Kajiado, macho yamefifia. Watu walimwita Haji. Nilimsimulia yote, hata sehemu yangu. Alisikiliza huku akivuta tasbihi, akaniuliza kama tangi bado linashika maji. Nikamwambia linashika.

"Mwaka ule wa ukame nilijua hawawezi," akasema. "Nilipofunga duka niliuza vitabu vyote kwa pesa ya kununua mbuzi wawili, na sikusoma majina. Hapo nilikosea. Mwambie mimi nimemsamehe, dunia na akhera. Hana deni yangu hata shilingi."

Nilirudi Isinya na maneno hayo. Ng'oto Lemayian alinifanya niyarudie mara mbili.

"Alisema kwa mdomo yake?"

"Kwa mdomo wake, yeyo. Nilikuwa nimekaa naye kama nilivyokaa nawe."

Akainamisha kichwa. Kisha akatemea mate kidogo viganjani, kama wazee wao wanavyofanya wakibariki, akanyoosha mikono upande wa Kajiado, akasema maneno ya Kimaa nisiyoyajua yote. Baraka ile ilikuwa ya Haji. Mimi sikuiomba wala sikupewa, na ilikuwa haki.

Nilimaliza chai yangu nikaaga. Ile eka iliyouzwa ilikuwa tayari na ukuta wa mawe, na geti lenye kufuli. Ng'ombe wachache ambao Lemayian ameanza kununua upya hawawezi kupita tena njia ya zamani ya kwenda majini. Inabidi waufuate ukuta mpaka kwenye pembe, waugeuke, wauzunguke wote. Walikuwa wanapita wakati huo, mmoja nyuma ya mwingine, wakisugua ubavu kwenye mawe. Nilisimama nikangoja wapite wote, ndipo nikashika njia.